Mwali wa Kikombe Kimoja

Somo limesomwa, na limesomwa vizuri. Lakini leo sitaanza na somo. Nitaanza na samadi.

Naona kwaya ya akina mama wanacheka. Chekeni sasa, maana huko mbele hatutacheka sana. Nimewaona pia wengine mlivyoingia, mnapangusa mabenchi kwa leso kabla ya kukaa, mnanuna. Nuneni tu, tutafika huko. Mimi mwenyewe nimepanda hapa na hasira, wapendwa. Tangu jana naomba iniondoke, haijaondoka, basi nikasema pengine nimepewa niilete kwenu.

Palikuwa na mfugaji mmoja. Msianze kuangaliana, hayuko hapa, na kama yuko atajijua mwenyewe. Alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, wa kukatiwa majani bandani kama tunavyofuga huku kwetu milimani. Mke wake alikuwa mgonjwa wa kifua. Miaka ishirini na mitano ya kupuliza kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha si mchezo. Kulipopambazuka alikohoa mpaka jirani akawa hahitaji jogoo. Hospitalini wakamwambia waziwazi, "Mama, dawa tutakupa, lakini ukirudi kwenye moshi tutakuwa tunajisumbua. Moshi huo utakuua."

Mfugaji alimpenda mkewe. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa sababu mtu akitenda vibaya huwa tunataka awe mbaya tangu mwanzo, ili tusifanane naye. Alimpenda. Alikata miti yake ya mbao aliyoirithi kwa baba yake, akajengesha mtambo wa gesi ya samadi. Mnaijua hiyo mitambo. Shimo kubwa la matofali chini ya ardhi, limefunikwa kwa kuba. Unakoroga samadi na maji, unamimina upande mmoja. Humo ndani gizani wamo vijidudu wadogo ambao jicho haliwaoni, wanaila ile samadi, na kwa kula kwao inatoka gesi. Gesi inapita bombani hadi jikoni. Unawasha kiberiti, unapata mwali wa buluu, na moshi hakuna.

Fundi aliyeujenga alikuwa mwanamke, dada mmoja wa buti za mvua na maneno machache. Siku ya kuukabidhi alimwita yule mama pembeni.

"Mama, humu umefuga mifugo mingine," akamwambia. "Hawa hawalii wakiwa na njaa, kwa hiyo ni rahisi kuwasahau. Kila siku wape. Hata kama ni kidogo, wape."

Mama akalishika neno lile. Kila asubuhi akakoroga ndoo zake nne, akamimina. Mwaka mzima alipika ugali, akapika maharage, akachemsha maji ya kuoga, yote kwa gesi. Kikohozi kikatulia. Akarudi kwenye kwaya, sauti ya pili. Jirani naye akaanza kuchelewa kuamka.

Halafu ikaja ndigana, ile homa ya kupe. Mnaijua ndigana, haipigi hodi. Ndani ya mwezi mmoja ikaondoka na ng'ombe watatu, akabaki mmoja wa kahawia, tena mzee. Ng'ombe mmoja, ndoo moja ya samadi. Mwali ukaanza kushuka. Kwanza maharage yakagoma kuiva. Halafu ugali. Mwisho ukabaki mwali wa kuchemsha kikombe kimoja cha chai. Ukitaka kuongeza cha pili, unazimika. Mama akawa anapikia kuni nje, chini ya bati, ambapo upepo unapeleka moshi mbali kidogo. Lakini ndoo yake moja hakuiacha, na kile kikombe kimoja kila asubuhi alikichemsha kwa gesi.

Asubuhi moja mumewe alikuwa amekaa kibarazani, chai mkononi, akamwona mkewe anapita na ndoo.

"Mama watoto, hiyo samadi unaipeleka wapi?"

"Shimoni, baba."

"Kwa wale wadudu? Si walishaacha kazi?"

"Hawajaacha. Wanafanya kidogo."

"Kidogo gani? Mwaka jana walitupikia mpaka maji ya kuoga. Leo hata sufuria ya ugali imewashinda! Kila siku wanaingiziwa ndoo nzima, hawaongezeki, hawaendi mbele, wako palepale. Migomba yangu imekuwa ya njano kwa kukosa mbolea, na wewe unalisha wafu."

"Fundi alisema tusiache kabisa."

"Fundi hakufiwa na ng'ombe watatu. Kuanzia leo ndoo hiyo iende kwenye migomba. Asiyezalisha na asile."

Akamalizia chai yake, akaweka kikombe chini, akachukua panga akaenda shambani.

Hicho kikombe kitunzeni. Tutakirudia.

Sasa niwaulize, nyinyi mngemwambia nini mtu huyu? Alikosea wapi? Mbona mnanyamaza? Mzee Ambakisye, wewe ni mzee wa kanisa na una migomba, sema. Unatikisa kichwa. Kwa hesabu ya macho, mfugaji alikuwa sawa. Unatia, hupati, unaacha kutia. Wangapi hapa hatufanyi hivyo? Mimi nafanya. Ndiyo maana mfano huu umeniuma mimi kabla ya kuwafikia nyinyi.

Haikupita muda mrefu, kile kijimwali cha kikombe kimoja nacho kikazimika. Mfugaji akasema, "Umeona? Nilikuambia walikuwa wamekufa." Hivyo ndivyo tunavyopenda kusema, tukishamnyima mtu chakula, kisha akaanguka.  Mama alirudi kwenye kuni moja kwa moja, na mvua zilipoanza akarudi ndani ya lile jiko lisilo na dirisha. Jirani akaanza tena kuamka mapema.

Ikapita miezi mitano. Binti yao akachumbiwa, wakwe wakaleta ng'ombe watatu wa mahari. Zizi likajaa tena, samadi ikawa chungu nzima nyuma ya banda. Wakwe wakatuma habari kwamba Jumamosi watakuja kula chakula, ukoo mzima. Mfugaji akafikiri, akaona hapa pana heshima ya kupatikana. Wakwe wakute mwali wa buluu! Waende kusimulia kwao!

Basi Alhamisi akavua shati, akashika koleo, akamimina shimoni ndoo thelathini kwa siku moja. Nimesema thelathini. Huku anamimina anasema, "Haya kuleni! Msije kusema mimi ni mchoyo."

Mkewe akasimama mlangoni. "Baba, hao wameshinda na njaa miezi mitano. Hata mtu aliyefunga hafuturu kwa beseni."

"Ndiyo maana nawashibisha," akajibu, na akamimina nyingine.

Jumamosi wakwe wakafika. Mvua ilikuwa kubwa. Mfugaji akawaongoza wazee wa upande wa pili hadi jikoni, akafungua bomba, akawasha kiberiti. Kimya. Akawasha cha pili. Kimya. Cha tatu kikamchoma kidole. Ndipo ikaja harufu, wapendwa, harufu ya mayai viza na matapishi, ikajaa jikoni. Bibi mmoja wa upande wa mkwe akajifunika pua kwa kanga, akarudi sebuleni bila kuaga.

Wageni hawaondoki na njaa kwa sababu ya bomba. Mama akavuta kuni. Nje mvua, kwa hiyo akapikia ndani, mlango umefungwa, masufuria manne, saa tatu nzima. Alipokuja kuweka sinia la ndizi mezani, wote walimwona anafungua mdomo kukaribisha. Maneno hayakutoka. Alishika ukingo wa meza, akakohoa, akaendelea kukohoa, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Wakwe ndio waliombeba, kwa gari lao, hadi hospitali. Chakula hakikuliwa.

Hakufa. Najua mlikuwa mnangoja nimuue, ili tulie kidogo twende nyumbani. Hakufa. Lakini daktari alisema kifua kile hakitarudi kilivyokuwa, na kwenye kwaya hakuimba tena. Sauti ya pili ikabaki na pengo.

Mfugaji alimwita fundi. Yule dada akaja na buti zake, akafunua mahali pa kumiminia, akachota tope kwa kijiti, akanusa.

"Limechacha," akasema. "Mlikuwa mnawapa kiasi gani?"

"Ndoo moja. Baadaye tukaacha."

"Mkaacha? Kwa nini?"

"Walikuwa hawafanyi kazi."

Dada akasimama wima, akamtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatoa.

"Nani alikuambia hawafanyi kazi? Baba, kiumbe yeyote, chakula cha kwanza anakula asife. Hawa nao ni hivyohivyo. Mwili wa kila mmoja unavuja, anaziba. Kinachovunjika ndani yake anakitengeneza. Akishamaliza kuziba na kutengeneza, chakula kikibaki, ndipo anakua na kuzaa. Kisipobaki hakui. Anaziba leo, anaziba kesho, anaziba keshokutwa. Wewe ukiangalia kwa nje unasema hawa wamelala. Hawakuwa wamelala! Ndoo ile moja yote ilikuwa inaishia kwenye kubaki hai. Na hata hivyo gesi kidogo ilikuwa inatoka, si ndiyo? Ilikuwa inatosha nini?"

"Kikombe kimoja cha chai."

"Na hiyo chai alikuwa anakunywa nani?"

 Mfugaji akageuka akatazama kibaraza chake, pale alipokuwa anakaa kila asubuhi.

"Mimi," akasema.

Alikuwa ameishika mkononi! Siku ile anasema wamekufa, alikuwa anainywa kazi yao, ya moto, yenye sukari. Hakuuliza imechemkia wapi.

"Na hizi ndoo thelathini," dada akaendelea, "ndizo zilizoumaliza mtambo uliokuwa mgonjwa. Humu ndani wamo wa haraka na wamo wa polepole. Wa haraka wanarukia samadi mbichi na kuacha uchachu. Wa polepole wanaula ule uchachu na kukupa gesi. Wa polepole ulikuwa umewaacha na njaa miezi mitano, waliobaki ni wachache na hawana nguvu. Halafu ukawafanyia karamu wale wa haraka. Uchachu ukawazidi wa polepole, wakafa. Uliwanyima, kisha ukawafurikia."

"Sasa nifanyeje?"

"Ulitoe tope lote. Utafute ndoo za tope kutoka mtambo ulio hai, uanze upya, kidogo kidogo, kwa miezi."

"Na mke wangu?"

Yule dada akafunga begi lake la vifaa. "Mimi ni fundi wa mitambo, baba. Kwa kifua cha mama sina ufundi."

Mfano umeishia hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Asiyezalisha na asile. Sentensi hiyo mliisikia wapi mara ya mwisho? Mimi niliisikia Jumanne, saa nne asubuhi, katika ofisi ya usharika huu, ila ilikuwa imevaa tai. Baraza letu lilikaa kupitia orodha, likatoa majina ya washarika wasio hai. Ndivyo karatasi ilivyoandikwa juu: Washarika Wasio Hai. Majina kumi na saba. Sababu ziliandikwa vizuri. Hahudhurii jumuiya. Hayumo katika kikundi chochote. Haonyeshi kukua. Kila mmoja aandikiwe barua. Na msije mkawatazama wazee peke yao, sahihi iliyo chini ya barua zile ni yangu. Nilisaini kumi na saba kwa kalamu moja, nikanywa chai.

Kati ya hao yumo mama mmoja. Sitamtaja, na hamna haja nimtaje. Mwanawe ana miaka kumi na tisa na hawezi kujigeuza kitandani. Mama anamgeuza. Anamgeuza kulia, anamgeuza kushoto, anamsafisha, anamlisha kwa kijiko, anafua, anamgeuza tena. Mume aliondoka siku nyingi. Jumuiya yetu iko Jumatano jioni. Jioni mtoto anapata degedege. Mmoja wetu akasema katika kikao, kwa upole kabisa, "Huyu imani yake haikui. Miaka sita yuko palepale."

Miaka sita yuko palepale! Mnajua gharama ya kubaki palepale? Wewe unayekua, unayetoa ushuhuda kila mwezi, hebu kabadilishane naye wiki moja, halafu uje utuambie kama utakuwa bado unaomba. Mama huyu anavunjika kila siku, na kila siku anajiunga. Yote aliyonayo anayatumia asizame, mwanawe asizame, imani yake isizame. Sisi tunasimama juu kavu tunasema mbona haogelei.

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Na ile haba isiyojaza kibaba je? Ile inayokizuia kisiwe kitupu tu? Hiyo hatuna methali yake, kwa sababu hatujawahi kuiheshimu.

Na tulimpelekea nini, miaka sita? Ndoo ngapi? Nani alikwenda akamgeuzia mtoto mara moja ili alale kidogo? Tulimpelekea barua. Lakini nawajua, najijua. Siku kijana yule akifariki, Mungu apishe mbali, tutafika wote. Tutaleta maturubai, masufuria makubwa, kwaya tatu, sare mpya, na kamati yenye mwenyekiti na makamu wake. Tutamimina ndoo thelathini kwa siku moja. Halafu tutashangaa kwamba mama hana hata chozi la kutupa, tutasema ana moyo mgumu.

Barua yake nitakwenda kuichukua mwenyewe leo, nikitoka hapa, na nitapiga magoti. Zile nyingine kumi na sita nitazifuata wiki hii. Nyinyi msinifuate kwa maandamano. Nataka mtu mmoja kesho, saa moja ya kumkalia kijana. Keshokutwa mtu mwingine. Ndoo moja, kila siku. Msilete karamu.

Mlidhani nimekisahau kikombe.

Kila Jumapili alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza, kuna mtu anafagia kanisa hili. Mlidhani ni nani? Mimi nilidhani ni mlinzi. Jana nikamshukuru mlinzi kwa usafi, akacheka, akasema, "Mchungaji, mimi ufagio siujui. Ni yule mama wa mtoto wa kitandani. Jirani anamshikia mtoto dakika arobaini, yeye anakuja kufagia na kupangusa mabenchi. Miaka sita sasa. Anasema jumuiya haiwezi, kwaya haiwezi, hili analiweza." Na akishamaliza, kama dakika zimebaki, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango anasikiliza wimbo wa kwanza, kisha anakimbia nyumbani.

Miaka sita tumekanyaga sakafu safi, tumekalia mabenchi safi, tukafungua vitabu vyetu tukaimba jinsi tunavyokua.

Barua ilimfikia Ijumaa.

Tusimame tuombe. Lakini kabla hamjafumba macho, angalieni chini ya miguu yenu. Hilo tope ni la Jumapili iliyopita.